HEWANI KABLA YA MVUA ZA VULI

Mtu atokaye Malindi akishika barabara iendayo kaskazini husafiri zaidi ya kilomita 100 katika nchi kavu ya vichaka na miiba kabla hajafika Garsen. Katika mwezi wa Septemba safari hiyo ni ya vumbi tupu. Majani yamekauka, madimbwi ya kando ya njia yamebaki tope lililopasuka, na upepo wa kusi, ijapokuwa umekwisha kupungua nguvu, bado huinua mchanga. Kisha, kwa mbali, msafiri huona mstari mrefu wa miti ya kijani. Mstari huo ndio Mto Tana, na katika nchi hiyo ya mto, karibu na Garsen na jirani na Wema, ndipo kilipo kijiji cha Hewani.

Jina la kijiji humfanya mgeni afikiri mambo ya juu angani, lakini maisha ya wenyeji yamo chini, katika udongo na maji. Wengi wao ni Wapokomo, watu ambao tangu zamani wamejulikana kwa jembe, mtumbwi na nyavu. Mgeni afikapo Septemba huenda akadhani kwamba amewakuta watu wakati wa kupumzika, maana mto uko chini, mashamba mengi ya bondeni ni makavu, na mvua za vuli hazijaanza. Walakini akitazama vizuri nyuma ya nyumba ataona kwamba kazi haikusimama. Imehamia uani.

NCHI ILIVYOUMBWA NA MTO

Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Huanza katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, huzunguka kwa mwendo wa kilomita 1,000 hivi, na kuingia katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Katika mwendo huo huchukua udongo mwingi wa bara, na ndiyo sababu maji yake ni mekundu. Kila mafuriko yapandapo juu ya ukingo, mchanga na udongo mzito huanguka kwanza, palepale karibu na mto, na tope laini huchukuliwa mbali likatua mabondeni. Baada ya miaka mingi ukingo umekuwa juu kidogo kuliko nchi iliyo nyuma yake. Mgeni hushangaa kuona kwamba akiupa mto mgongo na kwenda mbele hateremki kuelekea mtoni bali huteremka kuuacha.

Wazee walilijua jambo hili kabla ya mtu yeyote kulipima kwa vyombo. Walijenga nyumba na kupanda miembe na migomba juu ya ukingo, wakaacha mabonde ya nyuma yawe ya mpunga. Mashamba yao yalikatwa kwa vipande virefu, toka mtoni kwenda nyuma, ili kila ukoo upate sehemu ya juu na sehemu ya chini. Mwaka wa mafuriko makubwa sehemu ya juu iliwalisha; mwaka wa ukame walikula cha bondeni, ambako unyevu hukaa siku nyingi.

Mto nao ulikuwa na desturi yake. Ulijaa mara mbili kwa mwaka, kwanza kati ya Aprili na Juni, tena Novemba na Desemba. Septemba ni katikati ya vipindi hivyo viwili. Katika Uingereza mwezi huo ni mwanzo wa majira ya kupukutika kwa majani, na mwenye bustani huko hukusanya majani makavu na kuiandaa bustani yake ipate kulala wakati wa baridi. Mwenye bustani wa Hewani naye hukusanya majani makavu mwezi huohuo, lakini nia yake ni kinyume. Yeye huiandaa bustani iamke.

DESTURI ILIYOVUNJIKA

Siku hizi mto hauishiki tena desturi yake kama zamani. Huko juu yamejengwa mabwawa ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Mabwawa hayo yameleta taa na viwanda katika nchi nzima, na hakuna mtu mwenye akili awezaye kusema kwamba hayakuhitajiwa. Lakini maji yakizuiliwa juu, mafuriko ya kiasi, yale yaliyokuwa yakilowesha mabonde na kuacha udongo mpya, hupungua huku chini. Mafuriko makubwa nayo hayazuiliki. Bwawa likijaa, maji hupita juu yake na kushuka yote pamoja.

Ndiyo maana wenyeji wa nchi hii wameona mambo mawili yaliyo kinyume katika muda mfupi. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, ng'ombe wakafa na mahindi yakanyauka. Kisha mwezi wa Novemba 2023 yakaja mafuriko, na mengine tena mwezi wa Aprili 2024. Kabla ya hapo wazee walikuwa wakihesabu miaka kwa mafuriko ya 1961, yale ya 1997 na 1998, na yale ya 2018.

Mafuriko ya 1997 na 1998 hasa yalitoa fundisho kubwa. Serikali, kwa mkopo kutoka Japani, ilikuwa imeanzisha mradi mkubwa wa mpunga karibu na Garsen, wenye kuta za kuzuia maji na mifereji ya kumwagilia. Maji yalipokuja yalibomoa kazi hizo, na ukulima wa mradi ukasimama kwa miaka mingi. Kama kuta zilizojengwa kwa mitambo hazikuweza kuushinda mto, mwenye jembe moja afanyeje? Jibu la watu wengi wa mto limekuwa hili: asiweke tumaini lake lote mahali pamoja. Shamba la bondeni alilime, lakini awe na bustani ndogo karibu na mlango wake, ambayo aweza kuinywesha kwa mikono yake mwenyewe ikiwa mvua itakosekana, na ambayo iko juu ikiwa mto utafurika.

KAZI ZA UANI

Kazi ya kwanza ni ua wenyewe. Ua wa Mpokomo hufagiliwa kila asubuhi kabla ya jua kupanda, na wageni wengine hudhani ni kwa ajili ya uzuri tu. Uzuri umo, lakini ziko sababu nyingine. Katika ua ulio mweupe nyoka huonekana mara moja, na mtoto atambaaye hapati dhara. Kadhalika vifuu vya nazi, makopo na matairi yaliyotupwa, yakiachwa mpaka mvua ya kwanza, huwa makao ya mbu. Na katika nchi ya mto mbu hawana haja ya kualikwa. Aliyevikusanya vitu hivyo Septemba akavichoma au kuvifukia amewatunza watoto wake mpaka Januari.

Takataka za majani hazichomwi. Huchimbiwa shimo kivulini, zikatiwa humo pamoja na majivu, maganda ya ndizi na samadi, zikanyunyiziwa maji kidogo kidogo ili zioze. Shimo lililofunikwa vizuri mwanzo wa Septemba huweza kutoa mbolea ya kutosha matuta machache mwezi wa Novemba.

Kisha huja paa, ghala na mfereji. Paa hutazamwa wakati jua ni kali, kwa kuwa mtu aliye ndani ya nyumba huona tundu kwa mwanga upitao. Ghala huinuliwa juu ya nguzo, mbali na ardhi, kwa ajili ya panya na pia kwa ajili ya maji. Mfereji wa kuzunguka nyumba huzibuliwa ungali mkavu. Udongo wa hapa, hasa ule mweusi wa bondeni, hupasuka nyufa za kuingia mkono wakati wa kiangazi, na mvua ya kwanza ikiingia katika ufa ulio karibu na ukuta wa udongo, ukuta huo hauna maisha marefu. Wahenga waliosema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta waweza kudhaniwa kuwa walikuwa wenyeji wa Mto Tana.

BUSTANI NA MAJI

Bustani ya uani aghalabu si kubwa. Humo utaona kunde, mchicha, bamia, mboga ya maboga, pilipili, mihogo michache, na migomba. Mboga za Septemba hazipandwi juu ya matuta yaliyoinuka, kwa maana maji hukimbia. Hupandwa katika vitanda vilivyochimbwa chini kidogo, vyenye kingo pande zote, ili kila kata ya maji ibaki pale ilipomwagwa. Mvua za vuli zikianza kwa nguvu, kazi hugeuzwa: vitanda hujazwa na kuinuliwa, mizizi isioze.

Jambo la maji si jepesi. Mto ukiwa chini, ukingo huwa mrefu, na mama au binti achukuaye ndoo hana budi kushuka ngazi za udongo hadi ukingoni mwa maji, mahali ambapo mamba hulala akingoja. Kila ndoo ipandishwayo kwa ajili ya mchicha imepandishwa kwa hatari. Kwa sababu hiyo watu wenye busara hawamwagi maji hovyo. Maji yaliyooshea vyombo huenda kwenye mboga, na migomba hupandwa kando ya mahali pa kuogea, ikanywa kila jioni bila mtu yeyote kuifanyia kazi. Majani makavu yakitandazwa juu ya udongo kati ya miche, unyevu hukaa zaidi, na safari za mtoni hupungua. Safari moja iliyopunguzwa kila siku ni safari 30 kwa mwezi ambazo mtoto wa nyumba hiyo hakumkaribia mamba.

Samadi hupatikana kwa urahisi mwezi huu, kwa kuwa wafugaji Waorma na Wawardei huleta ng'ombe wao mtoni na katika majani ya delta wakati wa kiangazi. Lakini samadi mbichi ina siri. Ng'ombe na mbuzi hula maganda ya mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa Kenya kutoka nchi za Amerika na kupandwa katika miradi ya Bura na Hola miaka ya 1980 ili kuzuia mchanga na kutoa kuni. Mbegu zake hupita tumboni mwa mnyama bila kufa, zikaota popote samadi iangukapo. Mtu atiaye samadi bustanini na ailaze kwanza shimoni mpaka ioze, kisha atazame kila juma. Mche wa mathenge ulio na urefu wa kidole hung'olewa kwa vidole viwili. Ukiachwa mwaka mmoja huhitaji shoka, na hata likikatwa shina, mizizi huchipua tena.

Mbegu za kunde zilizowekwa tangu mavuno huchaguliwa sasa. Zilizotobolewa na fukusi hutengwa, na nzuri huchanganywa na majivu makavu katika chungu kilichofunikwa hadi siku ya kupanda. Machipukizi ya migomba nayo huchaguliwa kabla ya mvua. Yafaa kuchukua yale yenye majani membamba kama upanga, kutoka kwenye mgomba usio na ugonjwa, na kuyamenya mizizi kwa kisu mpaka nyama nyeupe ionekane, ili funza wa migomba asihamie shimo jipya pamoja na mche.

MWEMBE

Mti ulio na heshima kuliko yote uani ni mwembe. Wakati huu baadhi ya miembe imo katika maua na mingine imekwisha fanya maembe madogo kama yai la njiwa. Mavuno yenyewe yatakuja toka Novemba na kuendelea, na kwa watu wengi ndiyo yatakayolipa sare za shule mwezi wa Januari.

Adui mkubwa wa maembe siku hizi ni nzi wa matunda kutoka Asia, aliyeonekana Kenya mara ya kwanza mwaka 2003. Nzi huyu hutaga mayai ndani ya embe, na funza huliharibu kabla halijaiva vizuri. Madhara yake si ya kijiji kimoja tu. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe katika soko la Ulaya kwa sababu yake, na biashara hiyo haikufunguliwa tena hadi mwaka 2021. Walakini dawa ya kwanza haiuzwi dukani. Kila embe lianguukalo huokotwa siku ileile na kufukiwa shimoni, kina cha kwenda magotini au zaidi, maana funza hutoka ndani ya tunda lililooza na kuingia udongoni ili awe nzi. Kazi hii yafaa ifanywe na majirani wote pamoja. Mmoja akiokota na wa pili akiacha, nzi wa huyu wa pili hawatauliza mpaka uko wapi.

MAJIRANI WA BUSTANI

Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Usiku kiboko hutoka mtoni kutafuta majani, na katika kiangazi, majani yakiwa haba, hupenda zaidi mahindi mabichi na miche ya mpunga. Mchana huja nyani na tumbili. Hapo yafaa mlinzi ajue kutofautisha. Katika misitu ya ukingo wa Tana wamo wanyama wawili wasiopatikana mahali pengine popote duniani, mbega mwekundu wa Tana na kima mwenye shungi. Hifadhi ya wanyama hao ilitengwa upande wa juu wa mto mwaka 1976, lakini vikundi vyao vimepata kuhesabiwa pia katika misitu midogo ya Hewani na Wema. Mbega hula zaidi majani ya mitini, naye si mwizi wa mahindi. Kumpiga mawe ni kumwadhibu asiye na hatia. Na kuukata msitu wake kwa ajili ya miti ya uzio ni kuuondolea ukingo wa mto mizizi iushikayo.

Jirani wa mwisho ni mfugaji. Ng'ombe wakiwa na kiu hawasomi mipaka, na njia zao za kuendea maji, ziitwazo malka, ni za tangu zamani. Ugomvi juu ya ardhi, majani na maji ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoleta mapigano ya mwaka 2012 na mwanzo wa 2013 katika Tana Delta, ambayo yaliua zaidi ya watu 100, wakiwamo wanawake na watoto. Hakuna mtu wa nchi hii aliyesahau siku zile. Kwa hiyo uzio wa bustani si jambo la miiba tu. Uzio mzuri ni ule uzuiao mbuzi asile kunde lakini usiozibe malka. Na mwenye bustani ajuaye kusalimiana na mchungaji, akamwonyesha mapema wapi pamepandwa, amejenga uzio wenye nguvu kuliko miiba. Mchungaji huyo huyo ndiye atakayempa samadi.

SHILINGI ZA SEPTEMBA

Wako wana wengi wa Mto Tana walioko kazini Malindi, Mombasa na Nairobi, makarani, walimu na mafundi, ambao hukumbuka nyumbani mwezi wa Desemba. Hupeleka fedha za sikukuu, na fedha hizo hununua unga. Hilo ni jema. Lakini shilingi chache zikifika Septemba hununua ndoo mbili, jembe, mbegu za bamia na makuti ya kuziba paa. Nazo zitaendelea kufanya kazi hata baada ya unga wa Desemba kwisha. Aliye mbali asiyeweza kushika jembe aweza kushika kalenda.

Mwisho wa Oktoba mawingu huanza kujikusanya upande wa bahari. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini watu wa Hewani wamejifunza kwamba dalili si ahadi. Huenda mvua ikaja kwa kiasi, huenda ikakosekana, huenda mto ukaja wenyewe hadi mlangoni. Hapana mkulima ajuaye lipi litatokea. Awezalo ni kuhakikisha kwamba, lolote litokealo, limkute mfereji wake uko wazi, ghala lake liko juu, mbegu zake zi kavu, na migomba yake imekwisha shika mizizi. Kazi hizo zote hufanyika wakati jua ni kali na mto uko chini, wakati ambapo mvivu husema kwamba hakuna la kufanya. Basi kila mwenye ua, awe wa Hewani au wa mahali pengine, na autazame leo.